Ulijuaje Kwamba Yamekauka?

Hapa kwetu Tanzania mtu anaweza kuingia chuo kikuu bila kuulizwa swali hata moja. Ukifaulu angalau masomo mawili ya Kidato cha Sita kwa jumla ya pointi 4 (A ni 5, E ni 1), unajaza maombi mtandaoni, unachagua kozi, unasubiri jina litoke. Udaktari na kozi nyingine zinadai zaidi, lakini hata huko kinachoangaliwa ni cheti. Sisemi ni vibaya. Utaratibu huo umewanusuru watoto wengi wa wakulima ambao wangekalishwa mbele ya watu wa mjini, wakashikwa na aibu, wakaonekana hawana kitu kichwani.

Vyuo vya Marekani vina mambo yao. Mwombaji hutuma matokeo, insha na barua za walimu, na baadhi ya vyuo huwaomba watu waliosoma pale wakutane naye huko huko aliko, wazungumze naye kama saa moja, kisha waandike ripoti. Ni kazi ya kujitolea. Mimi nilisoma huko, nikarudi, sasa naishi Dodoma na kazi yangu ni ya maji. Kila inapofika Novemba napokea majina ya vijana wa kanda hii ya kati: Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, mara nyingine Singida na Manyoni. Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na majibu ya haya ya kawaida hutoka Machi. Chuo changu sikitaji, kwa sababu ninayoandika hapa ni yangu, si yake.

Ninataka kuzungumzia maswali ya usaili huo. Tunapewa mwongozo wenye maswali mazuri sana kwa kijana wa Chicago. Yalete kama yalivyo kwenye meza ya Dodoma uone yanavyogoma.

Kijana wetu anafika mapema kuliko wewe. Shati limepigwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki yenye vyeti vyote alivyowahi kupewa, hadi cha UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Ukitokea anasimama, anakuamkia, anasubiri umwambie akae. Kwa kuwa huu ni mji wa Bunge, wengine huanza na "mheshimiwa" kwa tahadhari, asije akakosea. Nikisema mimi si mheshimiwa, tunaishia kwenye "madam", na hapo anatulia, maana ndivyo anavyowaita walimu wake.

Sasa mwambie, "Haya, jieleze." Utapata hotuba. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Nimeisikia kwa wa mchepuo wa sayansi (PCM) na wa sanaa (HGL), kwa wa shule za kata na wa seminari, na sentensi zake zinafanana hadi mahali pa kuvuta pumzi. Siiti uongo. Huyo mtoto ameandaliwa na mwalimu anayempenda, na mwalimu mwenyewe usaili anaoujua ni wa kazi. Isitoshe, shule imemlea miaka kumi na mitatu akijua kwamba mkubwa akiuliza swali, jibu ni moja na limo kwenye daftari. Ukimuuliza swali pana anafanya alichofundishwa: anatafuta lile jibu moja na kulitoa kama lilivyo.

Halafu kuna adabu. Kijana aliyelelewa vizuri hajikwezi mbele ya mtu mzima. Ndiyo maana husikii "nilifanya", unasikia "tulifanya, tulishirikiana, walimu walitusaidia". Watu wa ofisi ya udahili kule ng'ambo wakisoma ripoti iliyojaa "sisi", wanahisi kijana alikuwepo tu wenzake wakifanya kazi. Ukijaribu kumtoa kwenye "sisi" kwa kumuuliza ana kipaji gani, unamtaka avunje adabu aliyofunzwa na bibi yake, tena mbele yako. Atainamisha macho tu.

Kwa hiyo sifa siziulizi. Nauliza kazi, na nani alishika nini. Mlipolima ile bustani ya shule, maji mlitoa wapi? Nani alikuwa anafungua bomba asubuhi? Na ulipougua, nani alifungua? Hilo la mwisho nalipenda. Ikiwa alipougua hakuna aliyefungua na mchicha ukakauka, umeshajua bustani ilikuwa ya nani, na hakulazimika kujisifu hata kwa neno moja.

Nikueleze habari za kijana mmoja aliyetokea karibu na Kibaigwa, kule Kongwa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, palipo na soko kubwa la mahindi. Kwenye fomu alijaza kwamba ni kiongozi wa klabu ya ujasiriamali. Tuliizungumzia klabu hiyo na sikuambulia kitu: ilikuwa na katiba, ilikuwa na mwenyekiti, ilikuwa na malengo. Nikaiacha. Nikamuuliza likizo ya Desemba alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa nyumbani tu, madam."

"Nyumbani unafanya nini?"

"Namsaidia mjomba sokoni. Kupokea mzigo."

Kupokea mzigo hakuonekani kuwa jambo la kuandikia chuo, na yeye alishalipita, anasubiri swali jingine. Nikamwambia mimi mahindi nayajua yakishakuwa unga, anieleze mzigo unapokelewaje. Akaeleza. Gunia likishushwa, mtu analichoma bambo, punje zinadondokea kiganjani, mjomba anatupia mbili tatu mdomoni na kung'ata. Zikipasuka kwa mlio, zimekauka. Zikibonyea, mwenye mzigo anaambiwa akaanike, la sivyo bei inashuka.

"Na wewe ukiachiwa zamu, unang'ata?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyefumaniwa. "Mimi siamini meno, madam."

"Huyaamini kwa nini?"

Hapo akasogeza kiti. Meno ya mjomba asubuhi, alisema, na meno ya mjomba saa kumi jioni baada ya kung'ata mzigo wa kutwa si yale yale. Tena mwenye mzigo akiwa rafiki, mahindi yake hukauka upesi zaidi. Basi yeye alitafuta chupa ya kioo yenye kifuniko, akatia punje pamoja na chumvi iliyokaushwa sawasawa, akatikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Njia hiyo ni ya kweli na mabwana shamba wanaifundisha: chumvi ikishika, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi ya kuweka stoo yanatakiwa yawe na asilimia 13 hivi. Kweli kabisa, aliipata kwa bwana shamba. Nikamuuliza alijuaje kwamba chupa haidanganyi kama meno. Akasema alianika mahindi yake mwenyewe, kila siku akichota kidogo na kutia kwenye chupa, aone chumvi itaachia siku ya ngapi.

Mjomba alisemaje? "Alisema wateja wataona tunawachelewesha." Ikawaje? Wakaafikiana: meno kwa mzigo wa kuuzwa leo leo, chupa kwa mzigo wa kulala stoo.

Kisha akaendelea bila kuulizwa. Mwaka 2016, yeye akiwa bado shule ya msingi, sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutoka kwa fangasi wanaoota kwenye nafaka, hasa iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Anakumbuka mama yake akimwaga mahindi ya debe zima huku chakula chenyewe kikiwa cha shida. Ndiyo maana alimng'ang'ania mjomba kuhusu stoo na si kuhusu mzigo wa kuuza. Klabu ya ujasiriamali hatukuirudia tena.

Yapitie hayo maswali yangu uone kama kuna hata moja la kuringia. Hakuna. La kwanza angeweza kuuliza mtu yeyote ndani ya daladala. La pili lilitoka kwenye jibu la kwanza, la tatu kwenye la pili, na lile la meno nisingeweza kwenda nalo kutoka nyumbani, kwani sikujua kama kuna meno. Swali ambalo kijana huyu peke yake angeweza kulijibu lilikuwa ndani ya maneno yake mwenyewe; lilihitaji mtu wa kuliokota. Siku hizi naenda na maswali machache mno ya kuanzia, nguvu nyingine naiweka kwenye kusikiliza. Hata kalamu naitumia kwa uchache. Naandika neno moja, "bambo", "chupa", mengine nayajaza akishaondoka. Mtoto akiona unaandika mfululizo anaanza kukutungia imla.

"Ulijuaje?" ndilo swali ninalolitegemea kuliko yote, ila lina hatari zake. Likitoka kavu mdomoni mwa mtu mzima linasikika kama polisi. Natanguliza kukiri kwamba mimi sijui, na mara nyingi sijui kweli. Nikikutana na kijana wa Bahi nauliza habari za mpunga, wa Kondoa nauliza za alizeti. Za visima siulizi, kwa sababu hizo ni kazi yangu na najijua: nitaanza kumtahini. Mwenzangu mmoja tuliyewahi kukaa meza moja alimuuliza binti sheria ya pili ya Newton. Binti akaijibu vizuri, na tulichojua baada ya hapo ni kile ambacho Baraza la Mitihani lingetuambia tu Julai.

Jingine ni maswali yanayokubalika kwa "ndiyo". Kwa hiyo unaipenda sana hisabati? Ndiyo, madam. Na kazi za kikundi unazifurahia? Ndiyo. Ungemuuliza pia kama anapenda theluji angekubali, na theluji hajaiona. Kumpinga mkubwa ni utovu wa heshima, hivyo ukimpa sentensi iliyokwisha kutungwa ataipokea kwa mikono miwili. Namna moja ya kukwepa ni kumpa nafasi ya kunikosoa mahali ambapo yeye ndiye mjuzi. "Kwa hiyo mkishashusha gunia mnalipima kwanza?" "Hapana, madam, kupima ni mwisho." Akishasema "hapana" ya kwanza na dunia isianguke, za mbele zinakuja zenyewe.

Yapo nisiyouliza. Sisi tumezoea kuanza na "kwenu wapi", halafu kabila, halafu utani: Mgogo wewe, Mnyaturu wewe, na baba anafanya kazi gani. Kwenye daladala ni uungwana. Kwenye meza ile nimeshika ufunguo wa kitu anachokitaka sana, na swali la baba linaweza kumfanya atoboe msiba au umaskini wa nyumbani akidhani ndiyo nauli ya kuingilia. Siulizi ada nani atalipa, siulizi dini, siulizi ameomba vyuo gani vingine. Nikiuliza "nyumbani" namaanisha shughuli. Akitaka kunitajia watu, atawataja mwenyewe.

Mahali nako kunabadilisha majibu. Tunakutana hadharani, maktaba ya mkoa au mgahawa tulivu, kamwe si nyumbani kwa mtu. Walio shuleni ni kazi nyingine, maana shule za bweni zinazuia simu, na mazungumzo ya video hufanyika ofisini kwa simu ya mwalimu wa taaluma, naye mwalimu amekaa pembeni ya kijana kwa nia njema kabisa. Hapo majibu yote yanaelekezwa kwake. Namshukuru, namwomba kwa adabu atupishe, mlango auache wazi. Baba mmoja alimsindikiza binti yake kutoka Manyoni, akaketi, akaanza kujibu. Nilimwagizia chai na chapati meza ya dirishani, nikamwambia nitamhitaji baadaye. Binti alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa nyingine.

Lugha nayo. Shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na kijana anaweza kuandika insha nzuri ya Kiingereza lakini akibanwa kuzungumza akarudi kwenye hotuba. Mimi huanza na Kiswahili hadi nione mabega yameshuka, kisha namwomba anisimulie jambo lile lile kwa Kiingereza. Jambo akishalisema mara moja, maneno anayatafuta yeye mwenyewe. Kwenye ripoti naeleza wazi kwamba tulitumia lugha zote mbili. Na akinyamaza, namwacha. Nakunywa chai. Wasaili wengi hawawezi kustahimili kimya; wanaliuliza swali upya kwa maneno mengine, na kijana aliyekuwa anakaribia kusema kitu analazimika kuanza tena.

Wale waliokwisha kumaliza Kidato cha Sita wengi wametoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mafunzo ya mujibu wa sheria, baadhi yao hapa hapa Makutupora. Uliza JKT imekufundisha nini, utajibiwa nidhamu na uzalendo. Uliza aliyelala kitanda cha jirani alikuwa nani. Msichana mmoja alinieleza juu ya mwenzake kutoka Kigoma aliyekuwa akilia usiku, na namna yeye, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alivyoanza kumwomba amfundishe nyimbo za kwao ili apate la kufanya zaidi ya kulia. Niliandika hilo karibu lote kwenye ripoti. Sikuongeza kwamba ana huruma. Msomaji ana akili zake.

Ripoti zenyewe naziandika hivyo. Najitahidi kutotumia maneno kama "mchapakazi" au "mwenye ari", ambayo wanayo tayari kwenye barua za walimu, na naweka alichofanya, alichosema, na nilichouliza mpaka akakisema. Uamuzi si wangu, na ripoti yangu ni karatasi moja kati ya nyingi. Hilo nawaambia vijana mapema, kwa kuwa wapo wanaodhani kiti changu ndicho kinachotoa nafasi.

La mwisho ni maswali yao. Mwongozo unasema umalizie kwa kumuuliza kama ana swali. Wetu husema, "Sina, madam, ahsante," na kuanza kukusanya vyeti, maana kumhoji mkubwa ni ujuaji. Kwa hiyo swali hilo nimelihamishia mwanzoni: kabla ya chochote namwambia kwamba katikati ya mazungumzo nitanyamaza na yeye ndiye atakayeuliza, aulize hata habari za chakula. Wengine huuliza baridi. Wengine kama kuna ugali. Mmoja aliniuliza kwa nini nilirudi, na nilijibu kwa kirefu kuliko nilivyokusudia.

Binti mmoja wa Mpwapwa alikaa kimya, akaniangalia, akasema: "Nikishindwa masomo huko, nauli ya kurudi analipa nani?"

Nilimweleza ninayoyajua. Vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo havitazami uwezo wa kulipa vinapochagua hata mwombaji wa kutoka nje, na akichaguliwa huziba pengo lote la gharama. Vyuo vingi vingine hutazama. Nauli mara nyingi huhesabiwa ndani ya msaada mtu akiwa bado mwanafunzi. Akiacha masomo katikati ni jambo la kuulizia mapema, kwa maandishi, kabla ya kupanda ndege. Akataka kujua aulize ofisi ipi, ya udahili au ya msaada wa fedha, na kama kuuliza kutamharibia. Nikamwambia ya fedha, na hakutamharibia. Akaandika.

Kwenye ripoti nililinukuu swali lake kama lilivyo, nikaeleza lilivyokuja. Wiki hiyo hiyo alinitumia nakala ya barua pepe aliyoiandikia ofisi ya fedha. Alikuwa ameongeza maswali mengine, la bima ya afya na la mahali pa kulala wakati wa likizo mabweni yakifungwa, ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. La nauli alikuwa ameliweka la kwanza.